Jumapili Kando ya Mto Luhira

Jumamosi moja jioni binti yangu mwenye umri wa miaka saba alikuwa akikinga maji bombani, hapa uani kwetu Songea. Nikamsikia akimwuliza mama yake: "Mama, maji haya hutoka wapi kabla hayajaingia kwenye bomba?" Mama yake akamjibu kwamba hutoka mtoni. "Mto gani?" "Luhira." Mtoto akanyamaza kidogo, ndoo ikajaa na kumwagika, kisha akauliza swali lililonifanya nishike kalamu: "Luhira ile yenye punda milia?"

Naam, ni hiyo hiyo. Wengine huandika Ruhila, wengine Ruhira, na vibao vya barabarani havijawahi kukubaliana. Lakini mto ni mmoja. Unaanzia kwenye milima ya Matogoro, ile inayouangalia mji wetu kutoka upande wa mashariki, na ambayo kila mgeni afikaye Songea huiona kabla hajaliona soko. Kutoka katika misitu ya milima hiyo huanza mto Ruvuma wenyewe, uliolipa jina mkoa wetu na ambao huishia Bahari ya Hindi baada ya kufanya kazi ya mpaka baina ya nchi yetu na Msumbiji. Huanza pia Luwegu, ambao hukutana na Kilombero huko mbali, na kutoka hapo ndipo Rufiji hupata jina lake. Na huanza Luhira wetu, mdogo kuliko nduguze, usio na sifa katika vitabu vya jiografia, lakini ndio unaotunywesha.

Nilimwahidi mtoto kwamba kesho yake, Jumapili, tutakwenda kuutazama. Basi tukafunga safari, watu wanne na kapu moja: mihogo ya kuchemsha, karanga, usipa wa kukaanga kutoka Ziwa Nyasa, na chupa mbili za maji ya bombani. Maji ya Luhira yalikuwa yakirudi nyumbani kutembea.

Kwa wasomaji wa Dar es Salaam, Tanga na Mwanza ambao hawajafika huku kwetu, nieleze kidogo. Kilometa chache kutoka katikati ya mji, kando ya mto huo, ipo bustani ya wanyamapori ya Luhira. Ukubwa wake ni yapata hekta 600. Imekuwapo tangu miaka ya 1970, na sasa inasimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA. Si bustani ya vizimba vya chuma ambamo mnyama huzunguka akitafuna meno yake. Ni msitu wa miyombo, wenye nyasi ndefu, mawe na vijito, na wanyama hutembea humo kwa hiari yao: punda milia, swala na nyani, pamoja na ndege wa kila aina. Ukibahatika utawaona hatua chache kutoka njiani. Usipobahatika utaona miti, na miti ya miyombo nayo si haba, hasa mwanzoni mwa Oktoba majani yake yanapochipua yakiwa mekundu kama kutu kabla mvua haijanyesha. Baada ya hapo huja masuku. Mtu aliyezaliwa Songea hahitaji kuelezwa masuku ni nini.

Mkoa wetu wa Ruvuma umepakana na nyika kubwa kabisa za wanyama. Kaskazini mwake ipo Selous, ambayo sehemu yake kubwa ilifanywa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Kusini, ng'ambo ya mto, ipo Niassa ya Msumbiji. Na baina ya hizo mbili, kupitia Namtumbo na Tunduru, ipo njia ya kale ya tembo. Hata hivyo mtoto wa mfanyakazi wa Songea anaweza kumaliza darasa la saba pasipo kumwona mnyama mwingine ila mbuzi, ng'ombe na paka wa jirani. Tembo humjua kwa picha ya daftari. Nauli ya kwenda hifadhini haimo katika mshahara wa baba yake. Kwa hiyo hekta hizi 600 zilizo jirani na mji ndizo shule pekee ya aina yake kwa watoto wetu walio wengi, na zinafikika kwa bajaji, kwa baiskeli, hata kwa miguu kwa familia yenye nia.

Lakini sikuahidi kuandika juu ya punda milia peke yao. Neno langu leo ni maji.

Kabla hatujafika bustanini tulipita bonde moja lenye vinyungu. Msomaji wa Nyanda za Juu Kusini anavijua: ni vile vibustani vya kiangazi vinavyolimwa kwenye unyevu wa bondeni, wakati mashamba ya juu yamekauka. Mabichi ya mahindi, maharage, mboga za maboga, nyanya. Mama mmoja wa makamo alikuwa akimwagilia kwa ndoo. Tulimwamkia, "Shikamoo mama," naye akaitikia "Marahaba wanangu," akatupatia mahindi mawili ya kuchoma kana kwamba alikuwa akitungoja. Nilimweleza kwamba mtoto anataka kujua maji ya bomba yanakotoka. Akacheka. Kisha akasema maneno ambayo sijaweza kuyasahau. "Yanapita hapa mlangoni kwangu, mwanangu, yakienda kwenu. Mimi bomba sina. Wakija watu kutoka mjini huniambia nisilime hapa, nitachafua maji ya watu. Sijapata kuonana na mtu anayekuja kuniuliza mimi nanywa nini."

Sikuwa na jibu. Nilimshukuru kwa mahindi.

Sheria inasema wazi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu chake cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto, bwawa au ziwa. Sababu zake si za ukatili. Udongo uliotifuliwa ukingoni huchukuliwa na mvua ya kwanza ya Novemba au Desemba na kutiwa mtoni. Mahali maji yanapokingwa ili yaende kwenye mtambo wa kusafishia, mkondo hupoteza nguvu, na udongo huo hutua chini kama unga kwenye sufuria ya uji. Mwaka wa kwanza huoni kitu. Mwaka wa kumi, bwawa lililokuwa na kina cha kumzamisha mtu mzima linamfikia mtu magotini, na kila meta moja ya mraba iliyojaa tope kwa kina cha meta moja ni lita 1,000 za maji ambazo mji hauna tena mahali pa kuzihifadhi. Maji yenye tope pia huhitaji shabu nyingi zaidi ili yatulie na klorini nyingi zaidi ili yaue vijidudu. Na dawa hizo hununuliwa kwa fedha, ambazo hatimaye hutoka katika ankara yako na yangu. Mbolea na dawa za wadudu ni jambo lingine. Mtambo wa kawaida wa kusafishia maji hutoa tope na kuua vijidudu. Sumu ya dawa ya nyanya iliyoyeyuka majini haitoi kwa urahisi.

Basi mama yule anavunja sheria, na sheria ina haki. Lakini na yeye ana haki. Ndiyo maana jambo hili ni gumu, na ndiyo maana halimalizwi kwa kibao chenye herufi nyekundu.

Tuliketi chini ya mkuyu, tukafungua kapu. Yule mdogo wetu, mwenye miaka minne, alitaka kuingia majini papo hapo. Mama yake akamkamata ukosi. Wakati wanavutana, ndege mweusi mwenye shingo ndefu alizama mbele yetu, akakaa chini muda mrefu hata mtoto akaacha kulia, akaibuka mbali na pale na samaki mdomoni. Huyo ni mnandi. Baadaye tulimwona mdiria, yule mdogo wa rangi ya samawati, akining'inia juu ya utete. Yangeyange wawili walisimama kwenye matope wakiwa weupe kama makarani wa zamani. Na kwenye mti mkubwa palikuwa na lundo la vijiti, ukubwa wake kama pipa, ambalo binti yangu alidhani ni taka zilizoletwa na mafuriko. Ni nyumba ya fundichuma. Ndege mmoja asiyezidi ukubwa wa kuku hujenga nyumba ambayo mtu anaweza kusimama juu yake isianguke, na wazee wengi hukataza kuigusa.

Yanini kuwahesabu ndege katika makala ya maji? Kwa sababu ndege wa majini ni wakaguzi wasiolipwa. Mnandi na mdiria huwinda kwa macho. Maji yakiwa na tope hawaoni samaki, nao huhama. Utete na mafunjo wanamojificha huchuja udongo kabla haujafika kwenye kina. Ukifyeka utete wote ili pawe safi, kama wengine wanavyopenda, utakuwa umeondoa chujio la kwanza la mji, ambalo halikugharimu hata senti moja.

Sasa turudi kwa mtoto aliyetaka kuogelea, maana hapa wazazi wengi hukosea. Maji yaliyosimama au yaendayo polepole, yenye majani ukingoni, ndiyo makao ya konokono wadogo wanaobeba kichocho. Mtu mwenye ugonjwa huo akikojoa majini, mayai ya minyoo huanguliwa humo humo, vijidudu vyake vikamtafuta konokono, vikakua ndani yake kwa majuma kadhaa, kisha vikatoka vikiogelea, hasa jua linapokuwa kali, kumtafuta mtu. Havihitaji kumezwa. Hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha katika muda wa dakika chache. Mtoto hurudi nyumbani akiwa na furaha, na miezi baadaye hukojoa damu. Dawa ipo, huitwa prazikwanteli, na shule nyingi hugawa vidonge hivyo. Lakini mtoto aliyetibiwa akirudi katika maji yale yale hupata tena. Maji yaliyopita mtamboni na kutiwa klorini hayana hatari hiyo. Hatari ni kuogelea, kufulia na kuvua kwa kuingia mwilini mpaka kiunoni. Na nisisahau kuzama, ambako hakungoji miezi.

Kwa hiyo mji huyataka maji yale yale kwa mambo mengi: yanywewe, yamwagilie nyanya, yanyweshe wanyama, yalee samaki, yatupumzishe Jumapili. Je, yataweza? Wapo wanaosema jibu ni kuzungushia seng'enge na kumfukuza kila mtu. Sikubaliani nao, na nitasema kwa nini, lakini kwanza nikuchukue mpaka Nairobi.

Mwaka 1953 mji wa Nairobi ulijenga bwawa kwenye mto Motoine ili liwe akiba ya maji ya kunywa wakati wa dharura. Likawa pia uwanja wa starehe: mashua za tanga zilishindana, watu walivua, ndege walijaa. Lakini mji uliendelea kukua kwa upande wa juu wa mto. Kibera ikapanuka pasipo kupewa vyoo wala mifereji ya maji machafu wala mahali pa kutupa taka, na vyote hivyo vikafuata mteremko, kama ilivyo desturi ya maji. Uchafu ukawa mbolea. Magugu maji yakaja, yakatanda. Mashua zikaondoka. Leo mgeni anaweza kulipita bwawa la Nairobi akidhani ni bonde la majani. Huwezi kuwalaumu watu wa Kibera: hakuna mtu anayechagua kuishi pasipo choo. Bwawa lilikufa kwa sababu mji ulilinda ukuta wa bwawa ukasahau watu walio juu yake.

Hapa nyumbani tunalo bwawa la Mindu, chini ya Uluguru, lililojengwa kwenye mto Ngerengere na linaloulisha mji wa Morogoro. Nalo ni pazuri kutazama, lina samaki na viboko, na nalo hupokea kila mwaka udongo wa mashamba yaliyo juu yake. Songea bado haijafika huko. Lakini mwaka 2012 manispaa yetu ilihesabiwa watu zaidi ya 200,000, na tangu hapo haijapungua. Ipo habari njema kwamba Songea ni mmoja wa miji 28 iliyo katika mradi wa maji unaogharimiwa kwa mkopo kutoka India. Mabomba ni kitu chema. Ila bomba haliumbi maji, huyahamisha tu.

Mfano wa kinyume unatoka mbali, Marekani, katika mji ambao hakuna angeutazamia. Wakazi wa New York, milioni kadhaa, hunywa kwa sehemu kubwa maji ya mabwawa yaliyo milimani, mengi yake yasiyopita kwenye machujio. Katika miaka ya 1990 mji huo uliambiwa ujenge mtambo wa kuchuja wenye gharama ya kutisha. Ukapiga hesabu, na mwaka 1997 ukafanya mapatano na watu wa milimani: mji ukanunua baadhi ya ardhi kwa wenye hiari ya kuuza, ukalipia ukarabati wa vyoo vyao, ukawalipia wakulima uzio wa kuzuia ng'ombe wasikanyage vijito. Na mabwawa hayakufungwa. Mtu huomba kibali, hakitozwi fedha, akavua samaki. Mashua yake huoshwa kwa mvuke na huachwa pale pale bwawani ili isilete wadudu kutoka maji mengine. Kuogelea ni marufuku.

Sisi si New York, wala hazina yetu si yao. Lakini fikra yenyewe haina gharama ya dola: anayekunywa amsaidie anayetunza. Huku kwetu watu wanajua kutunza udongo wa mteremko tangu zamani. Jirani zetu Wamatengo wa Mbinga, kwa zaidi ya miaka 100, wamelima milima iliyosimama kama ukuta kwa mashimo yao ya ngolo, ambayo hukamata kila tone na kila chembe ya udongo. Wataalamu huja kutoka nchi za mbali kuyapiga picha. Sijui kwa nini hatuwaalike wazee wa Mbinga siku mbili waje wazungumze na wakulima wa Luhira.

Maoni yangu, basi, ni haya, na msomaji yu huru kuyakataa. Kingo za Luhira ziwe wazi kwa wananchi, na maji yake yafungwe. Watu watembee, waketi, wale, watazame ndege, wasome, wachumbiane kama wanataka. Ila asiingie mtu majini, wala nguo, wala gari la kuoshwa. Vijengwe vyoo mbali na ukingo, maana ukiwakaribisha watu pasipo choo umeukaribisha ugonjwa. Ndani ya meta 60 pasilimwe, lakini asiondolewe mama yeyote bondeni kabla hajaonyeshwa kinyungu kingine na kabla bomba halijafika mlangoni kwake. Palipoondolewa vinyungu ipandwe miti ya asili, mikuyu na mfano wake, si mikaratusi, ambayo hukua haraka na kunywa haraka vile vile. Wanaopendekeza seng'enge tupu wanasahau kwamba mtu hulinda kile anachokijua. Mtoto asiyewahi kuuona mto unaomnywesha atapata wapi uchungu wa kuutunza?

Kwa familia itakayopenda kwenda Jumapili ijayo: nenda asubuhi, kabla ya saa nne, maana mchana wanyama hulala kivulini na nyasi tu ndizo zitakazokupokea. Vaa viatu vya kufunika na suruali ndefu. Ulizeni langoni njia za kupita, mzifuate. Nyani msiwape chakula hata wakilia; nyani aliyezoea mkate hujifunza kunyang'anya, na mwisho wake ni risasi. Taka zenu zirudi nanyi kapuni. Watoto wadogo washikwe mkono kando ya maji, kila dakika.

Tuliwaona punda milia wakati wa kurudi, watano, mmoja akiwa ndama ambaye mistari yake ilikuwa bado ya kahawia. Walikuwa wakinywa. Binti yangu alisimama kimya kabisa, jambo ambalo si desturi yake. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini kama punda milia nao hulipa ankara. Nikamwambia hapana. Akafikiri. "Na yule mama wa mahindi?" Nikamwambia na yeye halipi, kwa kuwa hana bomba.

"Sasa nani anampelekea?" akauliza.

Njia nzima ya kurudi mjini alikuwa bado akingojea jibu.